Herufi za Mwanzo (2): Ka ya Ndhiwa, Bu ya Kuria

Wiki iliyopita tulichambua maneno ya Kiingereza yaanzayo na sub. Tuliona kuwa silabi hiyo hubeba maana ya kuwa chini ya kitu: submarine iko chini ya bahari, subsoil chini ya udongo wa juu, na sub-county chini ya kaunti. Mwanafunzi akiishika, hukisia hata neno asilowahi kulisikia. Leo tuitumie mbinu hiyohiyo Migori na Homa Bay, kwenye majina ambayo watoto huyaandika kila siku bila kuyauliza lolote.

Tazama wadi saba za eneo bunge la Ndhiwa: Kwabwai, Kanyadoto, Kanyikela, Kabuoch Kaskazini, Kabuoch Kusini/Pala, Kanyamwa Kologi na Kanyamwa Kosewe. Mgeni anaweza kudhani K hizo zimejipanga kwa bahati. La hasha. Katika Dholuo, ka ikitangulia jina la mtu huonyesha ni kwake, penye boma lake na kizazi chake. Ni kazi ileile ya kwa tunayoisikia Nairobi katika Mukuru kwa Njenga. Karachuonyo ni kwa Rachuonyo. Kadem, kule Nyatike, ni kwa Dem.

Mbona basi Kologi na Kosewe zina o? Jina likianza na irabu, a ya ka humezwa. Ka na Ologi huwa Kologi, ka na Osewe huwa Kosewe, na Kochia ya Rangwe ni kwa Ochia. Kiswahili nacho hakipendi irabu zigongane: wa na ingi hatusemi waingi, twasema wengi. Anayeitafuta ka kwa macho tu ataikosa mara nyingi, sharti asikilize.

Mbele ya ka huweza kukaa jo, yaani watu. Japuonj ni mwalimu mmoja, jopuonj ni walimu. Jalupo ni mvuvi, jolupo ni wavuvi. Kwa hiyo Jokadem ni watu wa kwa Dem, na neno moja limekwisha kutaja watu, makao na babu yao.

Lakini tahadhari. Kal, yaani wimbi, haina boma la mtu ndani yake, wala kalatas, ambayo ni karatasi yetu iliyohamia Dholuo. Herufi zikifanana, maana bado inahitaji ushahidi.

Ukitoka Suna kuelekea Kehancha, ka inakuacha na bu inakupokea. Kikuria ni lugha ya Kibantu, na bu hutaja nchi: Bukira, Bugumbe, Bwirege. Wenyeji wake ni Abakira, Abagumbe na Abairege. Ndiyo bu ya Buganda, ambayo Kiswahili kiliipunguza ikawa u ya Uganda, Unyamwezi na Usukuma.

Inaniuma kwamba mtoto wa Ndhiwa hufundishwa sub darasani akamaliza shule bila kuambiwa ka ya wadi yake ina maana gani. Mwalimu wa Kiingereza angeweza kuanza na ka, ambayo mtoto anayo tayari, kisha akampeleka kwenye sub. Somo lingekuwa jepesi zaidi.

Wiki ijayo tutaingia katika majina ya watu, Ochieng' na Achieng', Okoth na Akoth, tuone kwa nini ukiiondoa herufi ya kwanza unabaki na jua na mvua, ilhali Otieno na Atieno hawakubali kukatwa hivyo.