Ua la ndani lisilotaka maji kila siku

Vyumba vingi vya ghorofa kati ya Feri na Kariakoo havipati jua la kutosha. Kwa wanaotaka kupamba sebule tunapendekeza Zamioculcas, mmea wa asili wa Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba Waholanzi ndio waliouingiza katika biashara kubwa ya maua miaka ya 1990! Hutunza maji katika mashina yake ya ardhini, manene kama viazi. Mwagilia udongo ukikauka kabisa, ukizidisha, huoza. Kisahani cha chini kisibaki na maji, maana humo huzaliana mbu wa dengue, iliyotusumbua jijini mwaka 2014 na 2019. Watoto wasitafune majani, huwasha mdomo.