Ukimpunguzia tajiri ushuru, serikali hupata zaidi?

Kila Mswada wa Fedha unapofika bungeni, hukosi kusikia hoja hii: wapunguzieni matajiri ushuru, watapanua biashara, wataajiri watu, na mwishowe serikali itakusanya pesa nyingi kuliko mwanzo. Ina chembe ya ukweli, lakini yote hutegemea umeanzia wapi.

Tufanye hesabu. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka asilimia 35 kwa mapato yanayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi. Tuseme kiwango hicho kishushwe hadi 30. Katika kila shilingi 100 ya juu, tajiri alibaki na 65, sasa anabaki na 70. Amenufaika kwa karibu asilimia 8. Lakini ili serikali isipoteze, mapato hayo yanayotozwa ushuru lazima yakue kwa karibu asilimia 17. Nani atakayeongeza bidii kiasi hicho kwa shilingi tano? Kiwango kikiwa 91, kama cha juu kabisa Marekani mwaka 1963, hapo ni mambo mengine: mtu akibakishiwa shilingi 9 tu ana kila sababu ya kuficha mapato.

Sisi tulipunguza Aprili 2020, kutoka 30 hadi 25, tukarudisha Januari 2021. Ila wakati huo corona ilikuwa imefunga hoteli Diani na Malindi, hivyo mtihani ule haukuamua lolote.

Mtihani wa haki zaidi ulifanyika jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 2012 gavana Sam Brownback alishusha ushuru wa mapato, na wenye biashara nyingi wakaondolewa kabisa ushuru wa jimbo kwenye faida. Baadhi ya watu walibadilisha tu makaratasi ili mapato yao yaonekane ni faida ya biashara. Mwaka wa fedha wa 2014 makusanyo yalishuka kwa takriban dola milioni 700.

Pengo hilo lilizibwa na nani? Mwaka 2015 ushuru wa mauzo ulipandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, na Kansas ilikuwa ikiutoza hata kwenye chakula. Mama anayenunua mkate akamlipia mwenye kampuni. Juni 2017 bunge la jimbo, lililojaa watu wa chama cha gavana mwenyewe, lilibatilisha kura yake ya turufu na kurejesha ushuru ule.