Programu Imegoma, Tovuti Haifunguki: Nani Amefunga Mlango?

Mvuvi wa Nyamisati hutazama utabiri wa hali ya hewa katika simu kabla ya kuingia baharini, na mkulima wa korosho wa Bungu hufuatilia bei za mnada kwa njia hiyo hiyo. Mafuriko yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024 yalitukumbusha sote thamani ya taarifa inayofika kwa wakati. Hivyo programu tumishi au tovuti inapokataa kufunguka, ni kawaida mtumiaji kutafuta njia ya haraka, na mara nyingi njia hiyo ni faili lililotoka kwa mtu asiyemfahamu. Simu hiyo hiyo ndiyo pia inayobeba akiba ya familia. Tunawashauri watumiaji watambue kwanza chanzo cha tatizo. Vyanzo vikuu ni vitatu: simu yenyewe, mmiliki wa programu, au mtoa huduma wa intaneti.

Simu ndiyo inayokataa

Kila programu hutengenezwa kwa kulenga toleo fulani la mfumo endeshi. Kuanzia Android 14, iliyotolewa mwaka 2023, simu hukataa kusakinisha programu zilizolenga matoleo yaliyo chini ya Android 6.0, kwa kuwa programu hizo zilitengenezwa kabla ya utaratibu wa sasa wa kumwomba mtumiaji ruhusa. Kwa upande wa iPhone, mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017 uliacha kabisa kuendesha programu za biti 32. Simu mpya inapokataa programu kuukuu, kwa kawaida si mbovu, bali inamlinda mwenye simu.

Simu ya zamani nayo ina mipaka yake. Tovuti salama huthibitishwa kwa vyeti vya usalama, na simu hutambua vyeti vile tu ilivyowekewa. Tangu tarehe 30 Septemba 2024, simu nyingi zenye Android iliyo chini ya toleo 7.1.1 hazitambui vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi duniani. Mtumiaji huona onyo kwamba tovuti si salama, ilhali jirani mwenye simu mpya huifungua bila shida kwa mtandao ule ule.

Mmiliki amesitisha huduma

Programu nyingi zina sehemu mbili: moja imo ndani ya simu, na nyingine imo katika kompyuta za mmiliki. Mmiliki akizima upande wake, sehemu iliyobaki katika simu haina wa kuzungumza naye. BBM kwa watumiaji wa kawaida ilifungwa tarehe 31 Mei 2019, na Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Hakuna fundi wala faili linaloweza kuzifufua huduma hizo. Anayedai kuwa na toleo la Skype linalofanya kazi kama zamani anauza kitu kingine kwa jina hilo.

Mtoa huduma amezuia

Tovuti huweza pia kuzuiwa na mtoa huduma. Kila tovuti ina jina na anwani ya namba, na mtoa huduma ana daftari linalounganisha jina na anwani hiyo. Jina likiondolewa katika daftari, au anwani ikizuiwa, ukurasa haufunguki hata kama mawimbi ni mazuri. Hatua hiyo huweza kutokana na agizo la mamlaka, kama ilivyokuwa kwa mtandao wa X mwezi Mei 2025, au kutokana na kinga dhidi ya tovuti hatarishi. Pia huweza kuwa hitilafu tu.

Jinsi ya kutambua

Kwanza, hakikisha kifurushi chako. Vifurushi vya mitandao ya kijamii pekee havifungui tovuti nyingine. Pili, fungua tovuti nyingine mbili. Zote zikigoma, huenda tatizo ni mawimbi, jambo la kawaida ndani ya mikoko ya delta mbali na minara. Tatu, jaribu tovuti ile ile kwa simu nyingine yenye laini ya mtandao ule ule. Ikifunguka, chunguza simu yako. Nne, jaribu kwa laini ya mtoa huduma mwingine. Ikifunguka huko, wasiliana na mtoa huduma wako. Ikigoma katika mitandao yote, ama tovuti yenyewe imezimwa ama imezuiwa nchini.

Epuka njia za pembeni

Programu iliyochukuliwa nje ya duka rasmi huweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, na ujumbe huo ndio unaobeba namba za uthibitisho za benki na mitandao mingine. Matoleo yaliyochezewa, kama GB WhatsApp, huweza pia kusababisha akaunti kufungiwa. VPN za bure nazo humpa mtu usiyemjua nafasi ya kuona tovuti unazozitembelea. Zaidi ya hayo, tangazo la Oktoba 2023 liliwataka watumiaji wa VPN nchini kuzisajili.

Badala yake, tafuta toleo jipya katika duka rasmi la simu yako, na hamisha picha na majina kabla huduma haijasitishwa. Kwa miamala ya fedha, menyu za namba zinazoanza na *150 hufanya kazi hata katika simu ya kitochi bila intaneti. Unaponunua simu iliyotumika, tazama toleo la mfumo endeshi kabla ya kutoa fedha.

Haki yako

Iwapo chanzo ni mtoa huduma, piga 100 na uulize sababu. Andika tarehe, saa, mahali ulipo, jina la tovuti na namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, wasilisha lalamiko lako pamoja na kumbukumbu hizo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Lalamiko lenye kumbukumbu kamili ni rahisi zaidi kufuatiliwa, liwe limetoka Dar es Salaam au Mbwera.