Siku Chache Mjini Mombasa: Mwongozo kwa Wakazi wa Kitale na Bungoma

Shule zinapofungwa, familia nyingi za Kitale na Bungoma hufunga safari ya Mombasa. Wengi huenda kuona bahari, na si vibaya. Hata hivyo, wapo wanaotumia akiba ya mwaka mzima na kurudi wakiwa wameona ufuo na chumba cha hoteli pekee. Kisiwani penyewe kuna mji wa bandari wenye umri wa karne nyingi, na historia yake inagusa mashamba ya Trans Nzoia na vilima vya Bungoma. Makala haya yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kutumia siku tatu au nne huko kwa gharama ya wastani, na kwa nini safari hiyo ni somo kwa watoto na kwa wazazi wao.

MOMBASA INATUHUSU VIPI?

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Njia ya nyanda za juu ilifika Eldoret mwaka wa 1924, na tawi la Kitale likakamilika mwaka wa 1926. Njia kuu nayo iliendelea kupitia Webuye na Bungoma hadi Malaba, kisha ikaingia Uganda. Kwa hiyo stesheni ya Bungoma na ile ya Kitale zilijengwa ili mazao ya bara yafike baharini, na bidhaa za ng'ambo zifike bara.

Uhusiano huo ungali hai. Mbolea inayoagizwa kutoka ng'ambo hushushwa Mombasa kabla ya kusafirishwa hadi kwa mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia. Kahawa inayouzwa nje hupakiwa melini huko huko. Meli zikichelewa kushusha mizigo, mkulima wa Kwanza au Kimilili anaweza kuhisi athari zake msimu wa kupanda.

Hata kabla ya reli, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika Mumias katika karne ya 19 ikitafuta pembe za ndovu na kuleta nguo na shanga. Kiswahili kilianza kusikika katika sehemu hizi kupitia misafara hiyo, zamani kabla ya kufundishwa darasani.

SIKU YA KWANZA: KUFIKA NA KUPUMZIKA

Kutoka Kitale au Bungoma hadi Nairobi ni mwendo wa takribani kilomita 400, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Yapo mabasi yanayokwenda moja kwa moja, lakini msafiri mwenye watoto au wazazi wazee anashauriwa kuigawa safari mara mbili. Anaweza kupanda basi hadi Nairobi, kisha achukue treni ya SGR kutoka Syokimau. Treni hiyo ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017 na huchukua kati ya saa tano na sita. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Nauli hubadilika, kwa hiyo ni vyema kuihakikisha kabla ya kupanga bajeti.

Tikiti hukatwa mapema, hasa wakati wa likizo, na jina lililo kwenye tikiti lazima lilingane na lile la kitambulisho. Abiria afike stesheni angalau saa moja kabla ya treni kuondoka kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, hivyo msafiri atenge nauli ya matatu ya kumfikisha mjini.

Siku hiyo ya kwanza isijazwe shughuli nyingi. Joto la pwani humchosha haraka mtu aliyezoea baridi ya Mlima Elgon. Inatosha kuoga, kupumzika, na jioni kutoka kutafuta chakula.

SIKU YA PILI: NGOME NA MJI WA KALE

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndio wakati mzuri wa kuzuru Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka wa 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, ili kulinda mlango wa bandari. Mwaka wa 1696 Waomani waliizingira. Waliokuwa ndani walivumilia njaa na magonjwa hadi Desemba 1698, ngome ilipotekwa. Meli ya Kireno, Santo Antonio de Tanna, ilizama karibu na ngome mwaka wa 1697 wakati wa mapigano hayo. Baadhi ya vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi karibu miaka 300 baadaye vimehifadhiwa katika makumbusho yaliyo ndani ya ngome.

Mzazi kutoka Bungoma anaweza kuwaonyesha watoto jambo moja zaidi. Mwaka wa 1895 Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa gereza, na ikabaki hivyo hadi 1958. Mwaka huo huo wa 1895, Wabukusu walijikinga nyuma ya boma lao la Chetambe, karibu na Webuye, wakipigana na jeshi la Waingereza. Ngome ya mawe ya pwani na boma la udongo la Chetambe zinasimulia sura mbili za mwaka mmoja, wakati utawala wa kikoloni ulipokuwa ukianza.

Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Raia wa Kenya hutozwa ada ndogo kuliko mgeni wa nje, mradi aonyeshe kitambulisho. Malipo hufanywa kidijitali, kwa hiyo simu iwe na chaji na pesa.

Ukitoka ngomeni, Mji wa Kale unaanza hatua chache tu mbele. Barabara yake maarufu huitwa Ndia Kuu. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, "ndia" ni "njia". Basi jina hilo lina maana ya Njia Kuu. Humo kuna nyumba zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, na msikiti wa Mandhry, ambao ujenzi wake unakadiriwa kuwa wa mwaka wa 1570. Vichochoro ni vyembamba kwa makusudi: nyumba zilizokaribiana hutiliana kivuli na kuelekeza upepo wa bahari.

Mwisho wa vichochoro ni Bandari ya Kale. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalisukumwa hapa na upepo wa kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka, kisha yakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Biashara ilifuata majira ya pepo, kama vile mkulima wa Kitale anavyofuata majira ya mvua.

ADABU YA MGENI

Mji wa Kale ni makazi ya watu. Nyuma ya kila mlango wa nakshi kuna familia inayopika, inayolea watoto na inayoswali. Mgeni anaombwa kuzingatia yafuatayo:

- Salimia kabla ya kuuliza lolote. Mzee huamkiwa "shikamoo".
- Usipige picha ya mtu, ya mtoto au ya ndani ya nyumba bila ruhusa.
- Vaa nguo za heshima. Mavazi ya kuogelea ni ya ufuoni.
- Usiingie msikitini bila kukaribishwa, na uvue viatu unapokaribishwa.
- Wakati wa Ramadhani, mikahawa mingi ya eneo hili hufungwa mchana. Jioni baada ya kufuturu, mitaa huchangamka.

Chakula cha hapa hakihitaji mfuko mzito. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Jioni wauzaji hupanga viazi karai, mihogo, kaimati na mishikaki kando ya barabara, na wauza kahawa hupita na madele yao. Madafu hukata kiu vizuri kuliko soda.

SIKU YA TATU: KILINDINI NA LIKONI

Bandari ya Kale haikuweza kupokea meli kubwa, hivyo shughuli zikahamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, penye kina kirefu. Jina lenyewe linaeleza sababu. Ndani ya bandari hakuingiwi bila kibali, lakini kuna sehemu mbili za kuitazamia bila malipo. Ya kwanza ni bustani ya Mama Ngina, ambako meli hupita karibu sana zikiingia mlangoni. Ya pili ni feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu huivuka bure. Mtoto aliyezoea kuona malori ya kontena yakielekea Malaba ataona hapo mizigo hiyo inakotoka.

Alasiri inaweza kuwa ya ufuoni. Wanaoogelea wasiwaache watoto peke yao, na waulize wenyeji kuhusu maji kujaa na kupwa. Bahari si Mto Nzoia. Hata anayejua kuogelea huchukuliwa na mkondo.

TAHADHARI ZA MFUKO NA AFYA

Usilipie chumba kwa mtu uliyempata mtandaoni bila kuthibitisha kwamba nyumba ipo na ni yake. Mwombe mtembeza watalii akuonyeshe kitambulisho cha kazi, na mpatane bei kabla ya kuanza matembezi. Uliza nauli ya tuktuk kabla ya kupanda. Mbu wa malaria wapo, kwa hiyo lala ndani ya neti, hasa ukisafiri na mtoto mchanga au mama mjamzito. Kunywa maji mengi yaliyo safi. Miezi ya Aprili na Mei huwa na mvua nyingi, na Januari hadi Machi huwa na joto kali.

SOMO LA KURUDI NALO NYUMBANI

Mombasa imehifadhi ngome yake kwa sababu watu waliona kwamba jengo la zamani lina thamani hata baada ya kazi yake ya kwanza kwisha. Gereza limekuwa makumbusho, na kando yake watembezaji, wapishi, mafundi wa mbao na wauza kahawa wanapata riziki.

Kitale nayo ina hazina yake. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyiko ulioanzishwa na Hugh Stoneham mwaka wa 1926, na yakafunguliwa kwa umma mwaka wa 1974 yakiwa makumbusho ya kwanza ya bara nchini. Yanasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, taasisi ile ile inayosimamia Fort Jesus. Bungoma ina Chetambe. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inalinda maeneo ya kihistoria yaliyotangazwa rasmi, lakini sheria pekee haitoshi pale ambapo wakazi wenyewe hawajui kilichopo. Jiwe hubebwa kwenda kujengea, kigae cha chungu cha kale hutupwa, na mzee aliyejua habari hufariki bila kuulizwa.

Familia ambayo bado inaweka akiba ya kwenda Mombasa inaweza kuanza karibu, Jumamosi moja, kwa nauli ya matatu tu. Watoto wakipanda Chetambe au kuzuru Makumbusho ya Kitale kwanza, watafika Fort Jesus wakiwa tayari na maswali ya kuuliza.