Kabla ya Kununua Projekta Nyingine, Irekebishe Uliyo Nayo

Jioni moja baada ya swala ya Isha, tuliketi sebuleni kutazama video ya arusi ya mdogo wangu. Ndani yake yumo marehemu mama yangu, akiwapokea wageni mlangoni. Picha ilitanda ukutani, kubwa na yenye kung'aa, lakini uso wa mama ulikuwa wa kijanikijani na buibui lake limekuwa la kijivu. Mwanangu mdogo, ambaye hakujaaliwa kumwona bibi yake, akauliza: "Baba, bibi alikuwa mgonjwa?"

Usiku ule nilinuia kununua projekta nyingine. Mama watoto akanizuia: "Fedha ya ada isiguswe kwanza, Baba watoto. Hiyo menyu umekwisha kuipitia yote?" Nilikuwa sijaipitia.

Ndugu msomaji, nilipoipitia niligundua kuwa kasoro haikuwa katika chombo. Ilikuwa chumbani, na katika vipimo nilivyoviacha kama vilivyotoka dukani.

Anza na chumba. Projekta haina nuru nyeusi. Weusi wa picha ni sehemu ya ukuta isiyofikiwa na nuru. Taa ya sebule ikiwaka, hakuna rimoti itakayouleta weusi huo. Zima taa, shusha mapazia. Ukuta wa rangi nao huipaka picha rangi yake. Shuka jeupe lililonyooshwa vyema hufaa zaidi. Ikiwa projekta yako ni ya balbu, iache iwake kama nusu saa ndipo uirekebishe, kwani nuru yake hubadilika inapopata moto.

Kisha chagua mtindo wa picha. Mtindo unaong'aa kuliko yote umekusudiwa kushindana na mwanga wa chumba, na mara nyingi huegemea kijani. Mtindo wa sinema hufifia kidogo, lakini rangi zake hukaribia kipimo cha kimataifa cha video, ambacho weupe wake uko karibu na kelvini 6500. Mwanzoni utadhani picha imeingia umanjano. Yape macho muda yazoee.

Hapo ndipo ushike weusi na weupe. Kitufe cha mwangaza, licha ya jina lake, kazi yake hasa ni kupanga weusi. Kipunguze hadi mikunjo ya buibui ipotee, halafu kiongeze kidogo kidogo hadi irejee. Kontrasti hutawala weupe: ipandishe, na pindi mshono wa kanzu nyeupe unapofutika, rudi nyuma.

Rangi iwe ya mwisho, na mizani yake iwe uso wa mtu unayemfahamu. Maua na samaki wa baharini hupendeza hata rangi ikizidi. Ngozi ya mzazi wako haikudanganyi. Punguza pia ukali wa kingo, maana ukizidi huzungusha mistari myeupe kando ya nyuso.

Kazi yote ilichukua saa moja, bila gharama. Tukaiwasha tena ile video. Mama akatokea mlangoni na wekundu wake wa maji ya kunde, buibui jeusi, akitabasamu. Mtoto akamtazama kitambo, kisha akasema: "Kumbe bibi amefanana na shangazi!"

Fedha ya ada ilibaki mahali pake.