Plastiki Nyeusi za Gari Chini ya Jua la Tarime

RAV4 au Probox iliyotumika Japani ikifika Tarime, mabati yake huwa bado yanameremeta. Zinazosema ukweli ni zile plastiki nyeusi za bampa, za ukingo wa matairi na za chini ya milango. Zimeshaanza kupauka, na baada ya viangazi vichache vya huku zinakuwa na rangi ya jivu. Mwenye gari anadhani ni vumbi. Anaosha, plastiki inarudi kuwa nyeusi ikiwa mbichi, kisha inakauka na weupe ni ule ule.

Si uchafu. Nyingi kati ya plastiki hizo ni polipropilini iliyochanganywa na mpira na unga wa talki, ikatiwa masizi maalumu ili iwe nyeusi na ihimili jua. Masizi hayo husaidia kwa muda tu. Mionzi ya urujuanimno huvunja molekuli za juu, uso unapasuka nyufa zisizoonekana kwa macho, talki inabaki wazi, na mwanga ukitua hapo unatawanyika ovyo. Weupe tunaouona ndio huo. Tokyo iko nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta. Tarime haifiki hata nyuzi 2 kusini, nayo imeinuka karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwezi Machi na Septemba jua la saa saba mchana linasimama utosini kabisa.

Sasa ndipo dizeli inapoingia. Vijana wa kuosha magari huipaka, au hupaka mafuta ya kula, au silikoni ya kung'arishia dashibodi. Mafuta yanajaza nyufa, mwanga hautawanyiki tena, gari linaonekana jipya. Kwa harusi ya Jumamosi sina ugomvi. Tatizo ni kwamba siku ukiamua kupiga rangi ya kweli, mafuta yale bado yamo, na silikoni ndiyo mbaya kuliko yote: rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara, na fundi anaanza kulaumu kopo.

Hata bila mafuta, polipropilini haishikani na rangi kirahisi. Ni ndugu wa plastiki ya ndoo, na aliyewahi kupaka ndoo rangi anajua inavyobanduka. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, vua kipande kimoja ukigeuze. Kwa kawaida utakuta herufi zimegongwa nyuma kiwandani: PP, au PP+EPDM, au ABS. Ikiwa ni ABS, rangi itashika bila shida kubwa, ila usiisafishe kwa petroli wala thina kali, maana itayeyuka uso. Ikiwa ni PP, peke yake au na EPDM, lazima upate praima ya plastiki. Praima ya chuma haifai, hata kama fundi atakuapia kwamba ameitumia miaka yote. Ukiikosa madukani Tarime au Mugumu, ni afadhali usubiri mtu anayetoka Mwanza kuliko kulipia kazi mara mbili.

Kusafisha ndiyo kazi yenyewe. Tumia maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ngumu, urudie mpaka povu litoke jeupe, halafu futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukigeuza upande safi kila mara. Msasa mkavu uweke mbali. Plastiki hizi zina vipele vidogo vilivyotiwa makusudi kuficha mikwaruzo na kupunguza mng'ao; ukivisaga ncha, sehemu hiyo itang'aa kama doa hata chini ya rangi. Sugua kwa dodoki la kijani la kuoshea sufuria, taratibu, basi. Puti nayo isikaribie. Inafukia vipele na kuacha kiraka laini ambacho kila mtu atakiona.

Praima iwe nyembamba, na rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa sababu ikipitiliza inapoteza nguvu ya kushika. Chagua nyeusi iliyofifia, isiyong'aa, upulize tabaka tatu nyepesi badala ya moja nzito. Tarime asubuhi kuna umande na mchana upepo unaleta vumbi. Saa nne hivi ndiyo nafuu. Anza na sehemu isiyoonekana, iache siku moja, bandika selotepu na uivute kwa nguvu. Rangi ikitoka nayo, rudi kwenye sabuni.

Hata hivyo si kila plastiki inastahili rangi. Gari linaloingia kila wiki Lango la Ikoma na kutembea kwenye changarawe za Hifadhi ya Serengeti litapigwa mawe kwenye ukingo wa matairi mpaka rangi iwe madoadoa, na madoadoa ni mabaya kuliko kupauka. Hapo piga rangi bampa na plastiki za milango tu, ukingo upake dawa ya kurudishia weusi wa plastiki na kuirudia inapofifia. Na pini zinazoshikilia plastiki hizo nunua mpya kabla ya kuvua, kwa sababu za zamani zimekaushwa na jua lile lile na nyingi zitakatikia mkononi.