Isaya Mukirane: Mwalimu Aliyekataa Kutumwa

Katika toleo hili tunaanza na sarufi kidogo. Tuma, tumwa, mtumwa. Mtumwa, kwa asili ya neno, ni mtu anayetumwa, asiye na kauli juu ya mwendo wake. Ndiyo maana katika siasa za Afrika Mashariki neno utumwa halikuishia kwenye minyororo na masoko ya watu, bali lilihusishwa na kila aina ya kutawaliwa bila ridhaa. Mfano mmoja uko magharibi mwa Uganda, katika wilaya ya Kasese.

Chini ya ukoloni wa Waingereza, Wakonzo na Wamba wa milima ya Rwenzori waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Walilipa kodi, lakini vyeo na nafasi za masomo viliwafikia wachache. Kitoro kilikuwa lugha ya shule na kanisa, na mtoto wa Kikonzo alianza kusoma kwa lugha isiyo ya mama yake. Waliotaka kupanda cheo walijiita Watoro. Uasi wa kwanza ulizimwa mwaka 1921, pale viongozi wake, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walipouawa na serikali ya kikoloni.

Isaya Mukirane alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Silaha yake ya kwanza haikuwa mkuki. Katika miaka ya 1950 aliongoza chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo: kukusanya masimulizi, nasaba na mila. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Wamba walitoka nje ya baraza la Toro. Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walikamatwa. Baadaye njia zao ziliachana, kwani Kawamara alidai wilaya ndani ya Uganda, ilhali Mukirane alipanda mlimani na tarehe 30 Juni 1962 akatangaza ufalme huru wa Rwenzururu. Ufalme huo ulikuwa na kodi, mahakama na shule zake.

Tusimpambe. Vita vile viliua Watoro na Wakonzo wasio na hatia. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere, akiwa bado mtoto, akarithi kiti. Wapiganaji waliweka silaha chini mwaka 1982. Serikali ikautambua ufalme mwaka 2009. Hata hivyo, Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa mjini Kasese majeshi yalipovamia ikulu ya mfalme.

Sisi walimu wa Kiswahili tunahusikaje? Bwera ipo mpakani na Kongo, ambako Wakonzo na Wanande wanaelewana kwa lugha zao, na Kiswahili huwaunganisha wafanyabiashara wa pande zote. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Tukikifundisha kwa kukidharau Kikonzo, tutakuwa tumerudia kosa lile lile lililompandisha mwalimu mlimani.

Tunapendekeza zoezi hili: kila mwanafunzi alete methali moja ya lugha ya nyumbani, aieleze kwa Kiswahili, kisha darasa litafute methali ya Kiswahili inayokaribiana nayo. Hapo lugha zote mbili zitakuwa zimeketi kwenye mkeka mmoja.